Karanga, matobolwa na dagaa: akiba ya kutafuna kwa mtu wa Tabora

Anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kibaruani au kupanda treni ya Mpanda bila kitu cha kutafuna, ikifika saa nne atanunua kilichopo mbele yake: maandazi na soda. Soda ya mililita 300 huwa na sukari karibu gramu 30, na njaa inarudi upesi. Tabora hatuna sababu ya kuishi hivyo. Karanga, viazi vitamu na asali vinatoka hapahapa, na dagaa wanaletwa kutoka Kigoma. Wengi wanavitengeneza vizuri, kisha vinaharibikia kwenye kuhifadhi, na mharibifu karibu kila mara ni unyevu.

Anza na karanga, maana ndizo zinazoshibisha kwa hela ndogo. Konzi moja, kama gramu 30, ina protini karibu gramu 7. Nunua mbichi zilizokauka, zimwage kwenye ungo mahali penye mwanga, uzichambue. Toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Usione uvivu hapa. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na moto wa jiko hauiondoi. Karanga mbovu ikishakaangwa na kutiwa chumvi inafanana na nzuri, ila sumu imo. Ulizozitoa zitupe, kuku nao zinawadhuru.

Kwa kilo moja, koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye robo kikombe ya maji ya moto, nyunyizia, geuza, ziache nusu saa zikauke. Kaanga kwenye sufuria nzito, moto mdogo wa mkaa, dakika 20 hadi 25, mwiko usitulie. Moto mkali unababua nje huku ndani kukiwa kubichi, na karanga mbichi ndani hulainika kesho yake. Ipua pale ngozi inapotoka ukiisugua kwa vidole na ndani kumeanza kuwa na rangi ya udongo hafifu. Usingoje ziive kabisa, kwa kuwa zinaendelea kuiva kwa joto lake zenyewe. Tandaza kwenye ungo mpaka zipoe kabisa ndipo ufunike. Zikifunikwa zingali vuguvugu, mvuke unageuka matone chini ya mfuniko na zote zinalegea. Kwenye chupa inayobana, mbali na jua, zinakaa wiki tatu hadi nne. Baadaye mafuta yake huchacha, na utayajua kwa ule uchungu unaobaki kooni.

Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, ni kazi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, wakati viazi ni vingi sokoni na jua halina mawingu. Michembe inakatwa na kuanikwa mbichi, kwa hiyo iache kwa ajili ya kupika. Ya kubeba njiani ni matobolwa, kwa sababu yameshaiva.

Chagua viazi visivyotobolewa na fukusi. Vioshe, vichemshe na maganda yake mpaka kisu kipite bila kulazimisha, lakini visipasuke. Kiazi kilichopitiliza hakikatiki, kinabomoka. Menya, viache vipoe kabisa, usiku kucha ikiwezekana, ndipo ukate vipande vya unene wa sentimita moja. Vikiwa vinene zaidi, nje inakuwa ngumu huku katikati kunachacha. Anika kwenye kichanja, juu ya vumbi na mbuzi, na ufunike kwa kipande cha chandarua kipya kisichotiwa dawa ili nzi wasitue. Geuza mchana, ingiza ndani jioni. Siku tatu hadi tano zinatosha jua likiwa kali. Pasua kipande kinene kuliko vyote: kama katikati kunanata kwenye kidole, rudisha juani. Kilo kumi za viazi zinabaki kama kilo tatu tu, usishtuke. Ukitumia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, weka kitambaa chepesi juu, kwa kuwa jua la moja kwa moja linapunguza kile kinacholeta vitamini A. Hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko na uanike upya kila mwezi, hasa mvua za Novemba zikikaribia.

Dagaa wa Kigoma huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu wanapungua na bei hupanda. Nunua kabla. Walioanikwa kwenye vichanja hawana mchanga. Walioanikwa chini waoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu, kisha waanike tena mpaka wakauke, maana dagaa mwenye maji hakauki sufuriani, anachemka. Kaanga kwa mafuta kidogo mpaka wavunjike wenyewe mkononi, weka chumvi na pilipili mwishoni. Ndimu kamulia wakati wa kula. Ukiikamulia mapema wanalainika.

Kwa anayetaka kitamu, twanga nusu kilo ya karanga zilizokaangwa zibaki chengachenga. Chemsha robo tatu ya kikombe cha asali kwa moto mdogo mpaka tone lake kwenye maji baridi lishikamane, changanya, kandamiza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata ingali moto. Asali huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo funga kila kipande peke yake.

Kopo dogo moja kwa siku linatosha: konzi ya karanga, vipande vinne vitano vya matobolwa, chupa ya maji. Dagaa wakae kwenye kopo lao, la sivyo kila kitu kitanukia samaki. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, na wa chini ya miaka mitano mpe karanga zilizosagwa, nzima humpalia.