Samsara kwenye jua la Dodoma

Juzi msomaji mmoja wa Singida kaniandikia: "Dada, nimepewa zawadi ya manukato ya Samsara. Nikijipulizia asubuhi mume wangu anasema nanukia kama bibi harusi wa zamani, halafu ikifika saa nne siisikii tena. Nifanyeje?"

Mdogo wangu, umenigusa penyewe. Nilipoanza kazi niliingia duka moja la manukato Dar es Salaam, mshahara umetoka jana yake, nikaomba ninuse Samsara. Muuzaji akaniuliza natokea wapi. Dodoma, nikamjibu. Akamgeukia mwenzake: "Huyu mpe bodispreyi, hii itakwenda kuishia kwenye vumbi." Kasema hivyo mbele ya wateja, na wao wakacheka. Miaka imepita na bado inaniuma. Niliinunua palepale, nikahesabu noti moja moja mbele yake.

Na nilikuwa najua ninachonunua. Samsara ilitoka 1989, kazi ya fundi manukato Jean-Paul Guerlain, kwenye nyumba ya manukato iliyoanzishwa Paris mwaka 1828. Moyo wake ni asumini na msandali, kuna ua la langilangi, na chini kabisa vanila. Sasa hapo kigeni ni kipi? Komoro, jirani zetu hawa, ni kati ya wazalishaji wakubwa wa mafuta ya langilangi duniani. Asumini ndiyo hiyo hiyo wanawake wa Unguja na Pemba wanayotungia vikuba. Mfaransa kaichanganya kwa ufundi, sawa, lakini asituambie mtu kwamba harufu hii si saizi yetu.

Tatizo la kwako ni ngozi. Hewa ya kwetu huku kati ni kavu, na upepo wa Juni na Julai unapausha mpaka ukijikuna mkono unabaki na mstari mweupe. Ngozi ya namna hiyo haishiki manukato. Ikija Oktoba, jua linayapasha yanafumka yote kwa mkupuo, ndiyo maana mumeo analalamika saa moja na wewe unalalamika saa nne.

Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, jipake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Kisha pulizia mara mbili tu: ndani ya kiwiko na tumboni, chini ya nguo. Usisugue ulipopulizia. Usitoke mlangoni hapo hapo, kunywa chai kwanza. Ule ukali wa mwanzo ukishapita, msandali unajitokeza taratibu, laini kama maziwa ya moto, na huo ndio unaokaa. Mafuta kwanza, narudia, mafuta kwanza.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye sendofu Area D. Ukumbi umejaa, feni hazitoshi, nimevaa kitenge. Mama mmoja wa makamo alinishika mkono, akaukunjua, akainamisha pua ndani ya kiwiko akatulia hapo. "Mwanangu, umepaka nini?" Ilikuwa saa tano usiku, na nilikuwa nimejipulizia kabla ya magharibi. Nilitamani yule muuzaji awepo.

Wanawake wenzangu, tusikubali kupangiwa na watu wa madukani kwamba sisi wa bara ni wa bodispreyi. Jiwekee akiba, nenda na pesa yako, omba ujaribu kwenye ngozi yako mwenyewe, zunguka mjini, urudi ukiwa umeshaamua. Ukinunua, linganisha namba iliyo chini ya chupa na ya kwenye boksi, kwa sababu feki zipo nyingi na zinatia uchungu.

Mdogo wangu wa Singida, chupa hiyo nyekundu najua inapendeza, lakini usiiweke kwenye meza ya kioo karibu na dirisha. Joto na mwanga vinaharibu manukato. Irudishe ndani ya boksi lake, boksi liingie kabatini, nyuma ya kanga.