Niuze au nipangishe? Nyumba iliyonila miaka 4

Juzi nimepata ujumbe wa dada mmoja: "Kaka, nyumba yangu ya kupangisha inanitoa jasho. Niuze au nivumilie?" Kaambatanisha picha 7 za nyumba. Hesabu, hakuna hata mstari mmoja. Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo nilikuwa mimi.

Mwezi uliopita niliuza nyumba niliyoing'ang'ania miaka 4. Niliinunua kwa mkopo, nikautangazia ukoo mzima kwamba sasa na mimi naitwa mwenye nyumba. Ukishajitangaza hivyo, kuuza ni kama kuvuliwa nguo hadharani.

Mpangaji wa kwanza hakuwa na neno. Wa pili aliletwa na dalali aliyeniapia kuwa ni mtu mtulivu. Kweli, hata kuhama alihama kwa utulivu, usiku, akiniachia deni la miezi 5. Asubuhi nilikuta ufunguo ndani ya sinki, na bomba la sinki halipo. Kaondoka na balbu, swichi, hata ndoano za pazia. Ndoano jamani! Za kumfaa nini?

Nyumba ikakaa tupu, paa likaanza kuvuja. Fundi akaziba, mvua iliyofuata maji yakahamia chumba cha pili. Na rejesho la mkopo halina habari kama nyumba ina mtu au haina. Nikawa nalipa kwa mshahara huku nikimwambia mke wangu, "Itatengemaa tu." Siku moja akaniwekea daftari mezani. "Basi niandikie itatengemaa lini."

Niliandika. Chukulia kodi ya pango ni 100 kwa mwezi na rejesho ni 90. Kwa macho unakula 10. Lakini nyumba ikikaa tupu miezi 2, umekusanya 1,000 na kulipa 1,080. Hapo hujagusa bima, kodi ya serikali wala matengenezo, ambayo wengi hutengea kama asilimia 1 ya thamani ya nyumba kila mwaka. Nami nilikuwa nikijifariji kwamba walau deni linapungua. Wapi! Kwa mikopo mingi ya nyumba, miaka ya mwanzo sehemu kubwa ya rejesho huishia kwenye riba.

Kwa hiyo dada yangu, jiulize: nyumba ikikaa na mpangaji mlipaji miezi yote 12, inajilipia? Kama inajilipia, ugonjwa wako ni mpangaji au paa, na hayo yana dawa. Pangisha. Tena usione aibu kushusha kodi. Kutoka 100 hadi 95 unapoteza 60 kwa mwaka, ilhali mwezi mmoja mtupu unakula 100 nzima. Mimi nilikataa kushusha kwa kiburi, nikakaa na kuta zangu.

Kama hata ikijaa mwaka mzima haijilipii, na huna sababu ya kueleweka ya kutarajia kodi ipande, uza. Ila kuuza nako kuna gharama: dalali, kodi ya serikali, na mikopo mingine ina faini ukilipa kabla ya muda. Omba salio la deni kwa maandishi kabla hujaongea na mnunuzi yeyote. Mimi nilianza na mnunuzi, nikajua habari ya faini tumeshapeana mikono.

Na niseme wazi, hata mkinuna: wengi wetu hatushikilii nyumba, tunashikilia sifa. Shemeji yako hatakulipia rejesho. Wale waliokupongeza siku ya kununua hawajui hata paa linavuja upande gani. Acheni kulisha macho ya watu kwa mshahara wa kulishia watoto wenu.

Nimemjibu yule dada kwa ufupi. Picha nimeziona, nyumba ni nzuri. Sasa anitumie daftari.