Kwa Makapteni Wapya Mliopangiwa Kufundisha Makadeti

Juma lililopita niliketi kwenye benchi la nyuma la darasa la makadeti wa jeshi letu la Uganda, nikimsikiliza kapteni kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka kikosini miezi miwili iliyopita. Somo lilikuwa platuni katika ulinzi, saa ilikuwa nane mchana, posho, yaani ugali wetu, na maharagwe vilikuwa vimekwisha kufanya kazi yake, na kapteni alikuwa akisoma slaidi ya arobaini na tatu neno kwa neno huku amewapa wanafunzi mgongo. Kadeti mmoja alinyanyua mkono na kuuliza kwa nini rashasha imewekwa mahali ambapo, kwa mchoro uleule uliokuwa ukutani, haiwezi kuiona njia ya adui. Kapteni alimwamuru atoke nje akapige pushapu ishirini. Niliutazama mchoro, nikaona kwamba kadeti alikuwa amesema kweli.

Kapteni huyo nimekwisha kuzungumza naye. Haya nawaandikia ninyi nyote mnaoripoti chuoni na nyota tatu mabegani, mkiamini kwamba anayejua kupigana anajua na kufundisha.

1. Acheni kulalamika kwamba mmewekwa katebe, yaani kuketishwa bila kupangiwa kazi ya maana. Najua mlitaka Somalia. Tangu wanajeshi wetu wa kwanza walipoingia Mogadishu mwezi Machi 2007, nyumba nyingi za matofali zimesimama vijijini kwa dola za misheni, na hakuna anayejenga nyumba kwa marupurupu ya mkufunzi (nasema marupurupu, maana posho kwetu ni chakula). Lakini tazameni wanaofika Kimaka, kwenye chuo cha ukamanda na unadhimu, wakiwa wamewahi kufundisha: mwenzao anapohangaika kuandika amri ya operesheni yenye mafungu yote, wao wameisahihisha mara mia kwa kalamu nyekundu. Tena msingoje kupangwa. Mwenye shahada ya historia, ya sheria au ya uhandisi amwandikie mkuu wake kuomba nafasi hiyo, kwa sababu chuo cha maofisa huwa na kiu ya walimu wa masomo ya namna hiyo.

2. Fanyeni kozi ya wakufunzi kabla ya kushika chaki, hata kama mna medali.

3. Slaidi kumi na tano zinatosha kwa kipindi kimoja, na baada ya chakula cha mchana msitumie hata moja. Watoeni nje mkafundishie kwenye modeli ya mchanga.

4. Kuhusu lugha, kumbukeni kwamba kadeti aliyetoka chuo kikuu ameandika insha za Kiingereza tangu utotoni, na Kiswahili amekutana nacho langoni siku alipoamriwa kuchuchumaa. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini kambini kimetawala tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, na askari ambao kadeti huyu atawaongoza akishakuwa luteni watakitegemea usiku mambo yatakapoharibika. Kwa hiyo mwacheni atoe amri zake kwa Kiswahili darasani, akosee, achekwe kidogo, arudie. Wala msijitie ualimu wa sarufi, kwa maana Kiswahili chetu cha jeshini kina ngeli mbili tu, ya afande na ya wengine wote.

5. Kabla ya kumwadhibu kadeti kwa jibu lisilolingana na lenu, lipimeni kwanza jibu lenu. Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu nililipia, au tuseme walinilipia wengine.

Nilikuwa luteni, mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha ramani, na nilikuwa nimekabidhiwa kifaa cha GPS ambacho nilikivaa shingoni kama msalaba wa askofu. Kwa zoezi la usiku la dira nilipigilia vigingi tisa porini, kila kimoja kikiwa na herufi yake. Mtangulizi wangu alikuwa akivipima kwa dira na kwa hatua, kazi ya siku mbili. Mimi nilisimama kando ya kila kigingi, nikanakili gridi ya tarakimu nane, yaani namba za mahali hapo kwenye ramani, kutoka kwenye kifaa, na saa sita mchana nilikuwa nimerudi mesi nikijipongeza.

Makundi kumi na moja yaliondoka saa mbili usiku. Kufikia saa kumi na moja alfajiri hakuna kundi hata moja lililokuwa limeleta herufi. Mtu mwenye akili angejiuliza inawezekanaje makundi kumi na moja, yaliyotoka kwa njia mbalimbali, yapotee yote kwa usiku mmoja. Mimi nilisimama mbele yao nimeshika kiuno. Kiongozi wa kundi la kwanza aliniambia, "Afande, tulifika kwenye gridi, kigingi hakipo." Nikamjibu kwamba kigingi hakina miguu. Kisha nikawakimbiza wote hadi kilimani na kurudi, bunduki juu ya kichwa, hawajalala wala hawajanywa chai.

Tulipokuwa tukitawanyika alinifuata kadeti mmoja aliyekuwa amesomea upimaji ardhi. Alisimama wima, akapiga saluti, akasema kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Afande, naomba kuuliza, kifaa kimewekwa kwenye datumu gani?" Neno hilo sikulijua, na kwa kuwa sikulijua nililisikia kama tusi. Nikampa siku tatu za kusafisha lantrini.

Wiki mbili baadaye Ofisa Mteule mmoja wa mizinga, mtu mzima ambaye mvi zake zilikuwa na cheo kikubwa kuliko changu, alikuwa akinywa chai nami, akaomba kukitazama kifaa. Alibonyeza mara mbili tatu, akaikunjua karatasi ya ramani, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya pembeni ambayo mimi, mwalimu wa ramani, sikuwahi kuyasoma. Datumu ni msingi wa vipimo ambao gridi huhesabiwa kwao: karatasi zetu za 1:50,000 zimechorwa kwa datumu ya Arc 1960, na kifaa hutoka dukani kikiwa kwenye WGS84. Kwa hapa Uganda tofauti ya hizo mbili ni mita 300 hivi, sehemu kubwa ikiwa ya kaskazini na kusini, kwa hiyo gridi ya kifaa ukiichora kwenye karatasi hiyo bila kubadilisha kitu, inaangukia kusini ya mahali uliposimama. "Afande," akasema taratibu, "kwetu mizingani mita 300 ni kuwaangushia wenzako."

Makundi yote kumi na moja yalikuwa yamefika kule nilikoyatuma.

Natamani ningeweza kuandika kwamba siku ileile niliwaita, nikawaeleza, nikawarudishia alama zao. Sikufanya hivyo. Nilibadilisha datumu kimyakimya, zoezi lililofuata likaenda vizuri, wakaniamini kwamba adhabu ndiyo iliyowafundisha. Alama za usiku ule zilibaki kwenye mafaili yao na zikaingia katika orodha ya ufaulu. Miaka sita baadaye nilimkuta yule mpimaji Karamoja, naye sasa ni kapteni, nikamwomba radhi mbele ya hema lake. Alinikaribisha chai, akasema lantrini alikwisha kuzisahau. "Lakini afande," akasema, "wale wengine mpaka leo wanaamini hawajui ramani." Akanitajia mmoja wao, ofisa hodari kwa kila jambo, ambaye kila doria ya usiku inapopangwa hutafuta sababu ya kumpa mwingine dira.

6. Ninyi mtakaopangiwa Kabamba, msiihadithie tarehe 6 Februari 1981, siku Museveni na wenzake walipoishambulia kambi hiyo kuanzisha vita vya msituni, kama hekaya ya bunduki 27 peke yake. Kila kadeti anaijua idadi hiyo tangu shuleni. Wapelekeni wakaione ardhi, kisha waulizeni kwa nini washambuliaji hawakufanikiwa kuingia katika ghala la silaha, ambalo ndilo walilolifuata, na wao wangepanga vipi. Mtapata kipindi cha saa mbili bila slaidi, na hakuna atakayesinzia.

7. Mnapohamishwa, acheni mafaili. Miezi kadhaa baada ya ile chai nilikutana na mtangulizi wangu kwenye harusi Masaka, nikamsimulia kisa changu nikidhani nitamshangaza. Alicheka mpaka akashika meza. Habari ya Arc 1960 alikuwa ameiandika katika daftari lake la masomo kwa wino mwekundu, na daftari aliondoka nalo, kama tunavyoondoka nayo sote, kana kwamba ni mali ya urithi. Langu nimeliacha katika kabati la idara, rafu ya pili, likiwa na orodha ya majina ya makundi yote kumi na moja na maelezo ya yaliyotokea. Ufunguo yuko nao karani.