Uchungu wa magome si kipimo cha dawa

SWALI: Daktari, shikamoo. Nimesikia jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, lilikunywa maji ya magome ya miti ya kwinini, dawa ya malaria, kutoka Amani kwenye milima ya Usambara, likadumu porini hadi Novemba 1918 huku adui zake wakimalizwa na malaria. Mbona sisi tunahangaika na vidonge? Hata hapa mtaani yapo maji ya magome kwenye chupa. (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Marahaba. Magome ni kweli, ila umepewa nusu ya hadithi, na nusu hiyo ndiyo inayouza chupa.

Wajerumani walikuwa na kwinini ya dukani. Manowari za Waingereza zilipofunga pwani ndipo wakageukia miti iliyopandwa Amani. Maji hayo ya magome, waliyoyaita schnapps (pombe kali) ya Lettow, ilikuwa dawa ya shida, na bado waliugua. Upande wa pili, wa Waingereza, kikosi cha 9 cha askari wa miguu cha Afrika Kusini kiliingia mapema 1916 na watu 1,135. Kufikia Oktoba wazima walikuwa 116. Malaria na kuhara damu ndivyo vilivyowamaliza kuliko risasi. Nao kwinini walikuwa nayo! Masika yalipokata njia za mizigo, chakula na dawa vikachelewa. Dawa inayoruka siku haizuii kitu.

Sasa magome. Kiasi cha kwinini hutofautiana mno kati ya mti na mti, kwa hiyo aliyechemsha hajui amekupa nini. Ikipungua, homa inashuka na vimelea vinabaki damuni. Ikizidi, masikio yanavuma, macho yanaingia ukungu, sukari inashuka, na moyo unaweza kwenda ovyo. Tena wengi wa hao wauzaji wanachemsha mwarobaini, ambao hauna kwinini hata chembe. Chungu? Shubiri nayo chungu! Muulize muuzaji kijiko kimoja kina miligramu ngapi, umwone anavyobadilisha mazungumzo.

Pima kwanza. Ukikutwa na malaria ya kawaida, dawa mseto ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Meza na maziwa au chakula chenye mafuta, la sivyo lumefantrini, moja ya dawa mbili zilizomo ndani yake, haifyonzwi vizuri. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi. Anayemeza 12 akaona nafuu, akamwekea jirani zilizobaki, amewaponza wote wawili.

Penye degedege, kuchanganyikiwa au kutapika kila kitu, usihangaike na vidonge wala chupa. Hapo ni hospitali, sindano ya atesuneti, usiku huohuo.