Kabla ya Kuhamia Milimani, Uliza Kwa Nini Nyumba Ni Nafuu

Swali la wiki lilikuwa hili: ungekuwa na uhuru wa kuchagua, ungehamia kijiji cha milimani chenye maisha nafuu ili uwe karibu na njia za kutembea kwa miguu, miamba ya kupanda na mito ya kupigia kasia? Jibu langu ni ndiyo, na nilishahama. Lakini hamu ya milima haitoshi. Mtu akiniambia amepata bonde zuri lenye nyumba za bei poa, swali langu la kwanza ni: kwa nini ni nafuu?

Mahali pazuri hapasahauliki bure bure. Madalali wameshapita, wenye fedha zao wameshapita, na watu wa skii, mchezo wa kuteleza kwenye theluji, walipita zamani kuliko wote. Kama wamepaacha, ipo sababu, na hiyo sababu ndiyo utakayolala nayo na kuamka nayo. Zipo zinazovumilika. Zipo pia za kukurudisha mjini mbio.

Chukua Leadville, jimbo la Colorado, Marekani, mji ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Uliishi kwa migodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mgodi mkubwa wa Climax, wa molibdenamu, metali ya kuimarisha chuma, uliachisha watu kazi kwa wingi, nyumba zikabaki bila watu. Mwaka 1983 mchimba madini wa hapo, Ken Chlouber, akaanzisha mbio za maili 100, yaani kama kilomita 161, kwenye milima ileile. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa: mbio ndefu namna hiyo haziishi kabla ya giza, kwa hiyo wageni watalala mjini na watakula mjini. Zimekuwa mbio maarufu duniani. Na Leadville leo inalaza wafanyakazi wengi wa vituo vya skii vya jirani, watu wasiomudu kupanga kule wanakofanya kazi, basi ule unafuu nao unazidi kupungua.

Hapo hapo nisisahau hewa. Kwenye mita 3,000 unavuta takriban asilimia 70 ya oksijeni unayoipata pwani. Mkimbiaji atazoea. Mama mzee anayekuja kukutembelea huenda asipate usingizi siku za mwanzo, na mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kabla ya kumwona dalali.

Sababu nyingine ya unafuu ni kijiji kuwa upande wa mlima usio na kazi. Jackson, mji wa jimbo la Wyoming, Marekani, umezungukwa na ardhi ya serikali: karibu asilimia 97 ya kaunti yake haijengeki kwa mtu binafsi, na bei za nyumba zimepaa. Watu wanaohudumia mji huo wengi wanaishi Victor na Driggs, upande wa jimbo jirani la Idaho, na kila siku wanavuka Teton Pass, barabara inayopanda hadi kama mita 2,570. Juni 2024 kipande cha barabara hiyo kiliporomoka. Kwa karibu wiki tatu, hadi njia ya muda ilipofunguliwa, ilibidi wazunguke mbali, zaidi ya saa nzima ya ziada kwa safari moja. Ukisoma tangazo la nyumba linalosema "dakika arobaini tu kutoka mjini", uliza dakika hizo zinategemea barabara ngapi. Kama jibu ni moja, hesabu yako ya kazi, shule na hospitali inaning'inia kwenye mteremko mmoja.

Kuna vijiji vinavyokulipa uende. Albinen, kule Uswisi, ulipiga kura mwaka 2017 kumpa kila mtu mzima anayehamia faranga 25,000, na 10,000 kwa kila mtoto. Habari ikazunguka dunia nzima kama vile ni zawadi. Masharti hayakuzunguka nayo: uwe chini ya miaka 45, ununue au ujenge nyumba isiyopungua faranga 200,000, uishi humo kwa kudumu, na ukiondoka kabla ya miaka kumi unarudisha. Mimi masharti hayo nayapenda. Kijiji kimesema wazi kinachotaka, nacho ni majirani. Watalii kinao tayari.

Lakini sababu ambayo wageni hatuioni kabisa ni jua. Nyumba moja tulionyeshwa kiangazi, adhuhuri, madirisha wazi na mto unasikika chini. Bei yake ilikuwa ya kushangaza. Tukaomba kuiona tena wakati wa baridi. Saa nane mchana kivuli cha mlima kilikuwa kimeshafika mlangoni. Barafu ya kwenye ngazi ilikuwa nyeusi kwa majivu ambayo mpangaji aliyekuwamo alikuwa akimwaga kila asubuhi ili asiteleze. Ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za bei ya juu, watu walikuwa wameanika nguo nje. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, mteremko unaotazama kusini ndio wenye jua, na katika nusu ya kusini ni kinyume chake. Karibu na ikweta kinachogawa mlima zaidi ni mvua: upande unaopokea upepo wa baharini una ukungu na utelezi, wa pili ni mkavu. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5, lakini usidhani chini ya bonde ndiko kwenye nafuu. Usiku mtulivu hewa baridi huteremka na kutuama huko, na aliyejenga juu kidogo kwenye kilima huamka na asubuhi ya joto zaidi.

Kuhusu michezo yenyewe nina msimamo ambao marafiki zangu wapanda milima hawaupendi. Kilele maarufu usikifanye sababu ya kuhama. Kilele cha namna hiyo utakipanda mara moja moja, tena kwa ruhusa ya hali ya hewa. Kilima kisicho na jina nyuma ya nyumba ndicho utakachokipanda jioni baada ya kazi, ukiwa umechoka na umebakiwa na mwanga wa saa moja. Kwa hiyo angalia njia inayoanzia mlangoni, na uulize ardhi hiyo ni ya nani. Njia inayokatiza shamba la mtu inadumu mpaka mrithi aamue kufunga geti. Ya kwenye hifadhi au msitu wa umma ina ulinzi zaidi, ingawa nayo hufungwa kwa moto, matope au msimu wa wanyama kuzaa.

Intaneti ipimwe ndani ya nyumba yenyewe, si kwenye ramani ya kampuni. Bima ya moto iulizwe kabla ya kusaini. Umbali wa hospitali yenye chumba cha upasuaji uhesabiwe kwa gari, usiku, barabara ikiwa na utelezi.

Watu je? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na milimani jembe ni jembe kweli: njia za miguu haziparuliwi na mizimu, na sehemu nyingi vikosi vya uokoaji ni vya kujitolea. Usiku ukivunjika mguu korongoni, anayekuja na machela ni fundi bomba na mwalimu wa shule. Jiandikishe kabla hujawahitaji.

Na tusijifiche: sisi tunaohama tunapandisha kodi ya nyumba. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kuzuia nyumba mpya za mapumziko katika manispaa ambako tayari zimezidi asilimia 20 ya nyumba zote. Vijiji vingi duniani havina sheria kama hiyo. Ndiyo maana nawashauri wenzangu wapange kwanza, wapitishe msimu mbaya kuliko yote, kisha ndipo wafikirie kununua, na wanunue pa kuishi. Ukifika kijijini ukakuta madirisha mengi yamefungwa mwaka mzima na vibao vya kupangisha wageni kila geti, usikawie hapo. Endelea hadi bonde linalofuata, lile lenye shule iliyo wazi na kilele ambacho hakuna anayekipiga picha.