Balozi zetu au mabalozi wetu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhusiano wa kimataifa hapa Dar es Salaam. Katika kazi ya darasani niliandika "balozi zetu zitangaze utalii". Mwenzangu akanisahihisha kwamba balozi ni mtu, kwa hiyo niseme "mabalozi wetu". Lakini kwenye hotuba za viongozi nasikia "balozi zetu" kila mara. Nani amekosea? Halafu, "uhusiano wa kibalozi" na "uhusiano wa kidiplomasia" ni kitu kimoja?

JIBU: Marahaba. Hujakosea, na viongozi hawajakosea. Mwenzako ameshika nusu ya kanuni.

Hapo kuna nomino mbili. Moja ni balozi, yaani mtu, ambaye wingi wake ni mabalozi: balozi wetu amefika, mabalozi wetu wamefika. Nyingine ni ubalozi, yaani ofisi. Hii hufuata njia ya ukuta na ufunguo: ukuta, kuta, ufunguo, funguo, ubalozi, balozi. Ndiyo maana "Wizara zimehamia Dodoma, balozi nyingi bado ziko Dar" ni Kiswahili safi kabisa. Ukisema "mabalozi wengi bado wako Dar" umesema sawa pia, ila sasa unazungumzia watu, na hao wanaweza kuwa likizo kwao huku ofisi zao zikitoa viza kama kawaida. Pita Garden Avenue uone jengo la Umoja House, ambamo Uingereza, Ujerumani na Uholanzi zimekaa pamoja. Hizo ni balozi tatu kama unahesabu ofisi, na mabalozi watatu kama unahesabu wenye ofisi.

Nadhani kilichomchanganya mwenzako ni maneno kama rafiki na dada, ambayo ni ya watu lakini tunasema "rafiki zetu", "dada zetu". Basi akaona "balozi zetu" ni jaribio la kumtia balozi kwenye kundi hilo. Kipimo ni kitenzi. Rafiki zetu *wamefika*, lakini balozi zetu *zimefungwa*. Ukisikia mtu akisema "balozi zetu wamefika", hapo ndipo pa kusahihisha.

Linalonivutia zaidi ni kwamba ubalozi una maana mbili, na moja tu ndiyo yenye wingi. Tunaposema Salim Ahmed Salim alipewa ubalozi wa Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22, tunataja cheo, na cheo hicho hakina wingi, sawa na ualimu au udaktari. Wingi ulikuja pale neno lilipoanza kutaja mahali penye mlango, bendera na karani. Balozi wa nyumba kumi hajafika huko: ana cheo, ana mabalozi wenzake wa mashina mengine, ila ofisi yake ni baraza ya nyumba yake.

Diplomasia yenyewe ilipita njia hiyo. Kwa karne nyingi ilikuwa kazi ya mtu: mtawala anamtuma mjumbe, anasema lake, anarudi. Usemi wetu kwamba mjumbe hauawi unamlinda mtu huyo. Haukutaja nyumba kwa sababu nyumba haikuwepo. Venice ilikuwa miongoni mwa dola zilizotangulia kuweka mtu akae ugenini moja kwa moja, na yule aliyekaa Constantinople aliitwa *bailo*. Jina hilo likapita kwa Waturuki na Waarabu likiwa *balyoz*, hadi likatua pwani yetu likiwa balozi. Mzizi wake wa Kilatini, *baiulus*, ni mchukuzi wa mizigo. Waheshimiwa wanisamehe.

Unguja ya Seyyid Said ilimfahamu balozi kabla ya kuufahamu ubalozi. Baada ya mkataba wake na Marekani wa 1833, Richard Waters alifika mwaka 1837 kama konseli, yaani mwakilishi anayeshughulikia raia na biashara za nchi yake, huku akifanya biashara zake mwenyewe. Mwingereza Atkins Hamerton alifuata mwaka 1841. Mtu na kazi yake walikuwa kitu kimoja.

Linganisha na Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia. Kifungu cha 29 kinamlinda mtu, kama usemi wetu, lakini cha 22 kinalinda majengo na cha 24 kinalinda nyaraka. Balozi akiondoka, anabaki kaimu na kazi inaendelea. Sidai kwamba Vienna ndiyo iliyotupa "balozi zetu". Sarufi ingeweza kufika hapo yenyewe. Ila wingi huo una kazi kubwa zaidi pale ofisi inapokuwa na uhai wake.

Hata kujifunza kumebadilika. Salim alipopelekwa Cairo hapakuwa na chuo cha diplomasia nchini. Chuo cha Kurasini, ambacho sasa kina jina lake, kilianza mwaka 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji. Tangu Sera ya Mambo ya Nje ya 2001 ilipotanguliza diplomasia ya uchumi, mwanafunzi hujifunza masoko na utalii kando ya itifaki. Kwa hiyo sentensi yako, "balozi zetu zitangaze utalii", inaipa kazi ofisi nzima, na ndivyo sera inavyotaka. Waters asingeshangaa kusikia balozi anaulizwa habari za biashara.

Kuhusu swali la pili: redioni na mitaani, kibalozi na kidiplomasia ni mamoja. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya suala la Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na hakuna msikilizaji anayepotea ukisema hivyo. Kwenye mtihani kuwa mwangalifu. Mkataba mwingine wa Vienna, wa 1963, unahusu kazi za konseli: pasipoti, raia waliokamatwa, meli zenye matatizo. Unasema wazi kwamba kuvunja uhusiano wa kidiplomasia hakuvunji wa kikonseli papo hapo. Ukiandika "kibalozi" hapo, msahihishaji hatajua umevunja upi. Andika kidiplomasia kwa mambo ya 1961, kikonseli kwa ya 1963, na kibalozi uwaachie watangazaji.