Mwanangu, huyo Frere uliyemwona London

Mwanangu mpenzi,

Picha yako niliipata jana usiku, na swali lako nimelala nalo. Umeniambia ulikuwa ukipita bustani ya kando ya mto Thames, ukaona sanamu ya Mzungu iliyoandikwa Bartle Frere, ukashtuka. Umezaliwa Frere Town, hapa Mombasa, umekulia Frere Town, na hakuna aliyewahi kukueleza Frere mwenyewe ni nani. Halafu ukaniuliza: "Mama, ndiye yule aliyetukomboa? Tumshukuru?"

Ndiye, mwanangu. Lakini Unguja, alikotumwa kukomesha biashara ya watumwa, alikaa majuma machache tu. Alikopikwa akaiva ni Bara Hindi, na usipomjua wa huko hutamwelewa wa huku.

Alizaliwa Wales mwaka 1815, akasomeshwa Haileybury, chuo kilichoandaa watumishi wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, ile kampuni iliyotawala Bara Hindi kwa niaba ya Waingereza. Mwaka 1834, akiwa kijana wa miaka 19, hakuzunguka Afrika kwa merikebu kama wenziwe. Alipitia Misri, akateremka Bahari ya Shamu kwa mashua, na kutoka Mokha, bandari ya Yemeni, akapanda jahazi la mahujaji hadi Bombay. Akajifunza Kihindustani, Kimarathi na Kigujarati. Nakwambia haya kwa sababu sitaki umwone kama afisa aliyejifungia ofisini akapiga muhuri. Huyu aliwajua watu aliowatawala.

Sasa sikiliza habari ya Satara, maana mimi kwangu ndiyo habari yake yote. Satara ulikuwa ufalme mdogo wa Wamaratha, na Frere alipelekwa huko awe mwakilishi wa Waingereza kwenye baraza la mfalme. Mwaka 1848 mfalme akafa. Hakuwa na mtoto wa kumzaa, ila kabla hajakata roho alimchukua mtoto akamfanya wake, kama dini na mila yao inavyoruhusu. Gavana Mkuu, Dalhousie, akasema mtoto huyo si mrithi na nchi sasa ni ya Kampuni. Frere akapinga. Aliwaandikia wakubwa zake kwamba mtoto ana haki na kiti ni chake. Hawakumsikiliza. Mwaka 1849 Satara ikamezwa, na aliyeteuliwa kuitawala kwa niaba ya Waingereza ni Frere huyo huyo. Akakubali.

Nimeifikiria Satara kwa miaka, mwanangu, na sijamtafutia udhuru. Alijua ni dhuluma, akaisema kwa kalamu yake mwenyewe, kisha akakalia kiti cha aliyedhulumiwa.

Mwaka uliofuata, 1850, akapewa Sindh, ambayo leo iko Pakistan, mji mkuu wake Karachi. Huko alifanya kazi ambayo lazima nimpe haki yake. Aliamuru maafisa wa serikali wafanye mtihani wa Kisindhi, na mwaka 1853 lugha hiyo ikawekewa alfabeti rasmi ya herufi 52, kwa hati ya Kiarabu. Herufi hizo ndizo zinazoandikwa Sindh hadi leo. Alianza kuijenga bandari ya Karachi. Akatoa pia stempu za barua mwaka 1852, za kwanza kabisa katika Asia yote. Zile za mwanzo zilikuwa vidude vya mviringo vya lakiri nyekundu, si karatasi kama tunazozijua. Ukikunja barua, stempu inapasuka na kubanduka vipande, basi ikabidi wazibadilishe. Babu yako alikuwa mtu wa posta. Nilipomsimulia habari hii alinifanya niirudie mara mbili.

Ukaja uasi wa mwaka 1857, askari wa Kihindi walipowageukia Waingereza. Frere akatoa karibu askari wake wote wa Kizungu kwenda kusaidia Punjab, na bunge la London likamshukuru. Karachi yenyewe, Septemba mwaka huo, askari wa Kihindi walishukiwa kupanga kuasi. Wako walionyongwa, na wako waliofungwa kwenye midomo ya mizinga wakalipuliwa hadharani. Ni Karachi ile ile ya herufi na stempu. Kujua lugha ya watu hakukumzuia mtawala kuwafanyia hayo, nami sitaki ulisahau hilo kwa sababu ya uzuri wa kazi zake nyingine.

Kuanzia 1862 hadi 1867 alikuwa Gavana wa Bombay. Alibomoa kuta za ngome ya kale ili mji upumue. Pamba ilikuwa imepanda bei kwa sababu ya vita vya Marekani, kila mtu akanunua hisa, na bei iliposhuka Benki ya Bombay ikaanguka. Yeye akalaumiwa kwa kutoizuia mapema.

Unguja alifika Januari 1873, ametumwa amtake Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Kimbunga cha mwaka uliotangulia kilikuwa kimeangusha mikarafuu na kuvunja vyombo, na Barghash akaomba asibanwe. Frere akaondoka bila mkataba. Balozi wa Waingereza, John Kirk, ndiye aliyebaki, akapewa amri ya kutishia kuufunga mji kwa manowari, na tarehe 5 Juni 1873 Barghash akatia sahihi. Soko la watumwa la Mkunazini likafungwa. Utumwa wenyewe haukuondoka siku hiyo. Kule Unguja uliondolewa kisheria mwaka 1897, na huku kwetu pwani mwaka 1907. Katikati hapo, mwaka 1890, Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya ya Waingereza. Naiona Satara tena hapo.

Miaka mitano baadaye alikuwa Afrika Kusini. Desemba 1878 alimpa Mfalme Cetshwayo wa Wazulu siku 30 avunje jeshi lake, na serikali yake ya London haikuwa imemruhusu kuanzisha vita. Januari vita vikaanza, maelfu wakafa. Aliitwa nyumbani mwaka 1880, akafa 1884. Sanamu uliyoiona ilizinduliwa 1888.

Basi tumshukuru? Mkataba ule uliokoa watu, nami siwezi kuandika kinyume cha hilo nikiwa nimekaa hapa nilipokaa. Lakini mji huu wa Frere Town hakuujenga yeye. Wamisionari waliufungua katikati ya miaka ya 1870 wakaupa jina lake, na waliouinua ni watu weusi waliorudi kutoka India. Walikuwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakapelekwa Bombay, wakasomeshwa misheni ya Nashik ufundi na vitabu, kisha wakarudishwa pwani hii. William Jones na Ishmael Semler walifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1864, Frere bado yuko Bombay anabomoa kuta. Wao ndio walimu na wahubiri wa kwanza wa wakombolewa. Ile kengele ya Kengeleni hapa kwetu, ambayo makondakta wa matatu wanaiita kutwa nzima bila kuitazama, ilipigwa kuwaonya watu kama hao kwamba watekaji wanakuja.

Picha ya Frere nimeihifadhi. Asubuhi hii nimetembea mpaka Kengeleni nikapiga picha ya kengele; nimekutumia pamoja na barua hii.

Mamako